Darasa la Saba, Mara ya Pili

Mwalimu wetu mkuu amefariki. Habari ilinifikia kwenye kundi la simu la sisi tuliosoma pamoja Mutuini, saa ya chai, nikiwa kazini, na kabla sijamaliza kikombe changu watu walikuwa wameshaanza kulia kwa vidole. Ati amelala shujaa. Ati ndiye aliyetufanya tukawa watu. Mmoja, ambaye nakumbuka vizuri alivyokuwa akijikojolea siku za matokeo, ameandika kwamba bila fimbo ya Mwalimu Mkuu leo asingekuwa na gari. Nikasoma yote. Kwetu marehemu hasemwi vibaya, najua, na mama yangu angekuwa karibu angenifinya. Nikaiweka simu kifudifudi mezani nikarudi kwenye hadubini yangu.

Mimi ni mtu wa maabara, katika hospitali moja ya Parklands. Kazi yangu ni kupima. Kipimo kikitoka kibaya daktari anaambiwa, mgonjwa anaanza dawa, na baadaye tunampima tena tuone kama dawa inafanya kazi. Basi, hiyo ndiyo maana ya kupima. Sijawahi kumwona daktari akibandika majina ya wagonjwa ukutani, mwenye damu nzuri juu, mwenye malaria chini, halafu akawatandika wale wa chini na kuwafukuza ili hospitali ionekane ina watu wenye afya. Mngemshika mkampeleka kwa daktari mwenzake wa akili. Lakini sisi wa rika hili tulilelewa na wazimu huohuo miaka yote ya shule ya msingi, na leo tunaupelekea shada la maua.

Mnaikumbuka siku ya kuhama? Msiniambie mmesahau. Matokeo ya muhula yakitoka, kila mtu alibeba mkoba wake akaenda kusimama ukutani, madawati yakabaki matupu. Mwalimu wa darasa akaanza kusoma majina, kuanzia namba moja, na ukiitwa unakwenda kukaa. Namba moja alikaa mbele, upande wa dirisha linaloingiza jua. Waliofuata wakajipanga nyuma yake. Sisi tuliobaki ukutani tulikuwa tunapungua mmoja mmoja, huku waliokwisha kukaa wakitugeukia na kutuangalia, mpaka tukajazwa nyuma kabisa kando ya mlango usiofungika. Kama hujawahi kukaa kando ya mlango usiofungika Mutuini mwezi wa saba, usiniambie unaijua baridi. Mstari ule tuliuita Mwisho wa Lami. Hata dukani, mbele ya watu, wenzangu walinisalimia kwa jina hilo: "Sasa Njoki, bado uko Mwisho wa Lami?"

Na mimi, mjinga wa watu, niliamini kwamba namba mtu huzaliwa nayo. Niliona urefu wa mtu ni wake, sauti ya mtu ni yake, kwa hiyo na namba nayo ni yake. Siku moja nikamwuliza mama walisema mimi ni wa ngapi nilipozaliwa. Mama alikuwa anamenya viazi, akadhani nauliza uzito. "Kilo tatu na kidogo," akasema, "ulikuwa mtoto mzuri, manesi wote walikusifu." Nikaenda nje nikakaa na hiyo kilo tatu na kidogo, nikijiuliza ni kwa nini basi nilikuja kuharibika.

Mitihani yenyewe haikutungwa na walimu wetu. Ilinunuliwa mjini, kwenye vichochoro vya wachapishaji, ikaja imefungwa kwa uzi wa katani, ikinuka wino na mafuta ya taa. Walimu walisahihisha kwa majibu yaliyokuja pamoja na karatasi, wakajumlisha, wakapanga namba. Halafu tukarudishiwa karatasi zetu zimejaa mikwaju myekundu, tukachapwa kwa kila tulichokosa, na asubuhi iliyofuata mwalimu akafungua mada mpya. Hakuna aliyerudi kwenye swali. Hakuna! Wewe ulikuwa umekosa, umelipia kwa mapaja yako, yamekwisha. Miaka mingapi nilikaa pale? Tangu darasa la nne mpaka la saba, kila muhula, kila mtihani, na sikuwahi hata mara moja kuambiwa nilichokuwa sikijui.

Muhula wa pili wa darasa la saba akaja Mwalimu Mwanaisha. Alikuwa bado anasomea ualimu, ameletwa kwetu kufanya mazoezi muhula mmoja, na akapewa hisabati kwa sababu mwalimu wa hisabati alikuwa mgonjwa. Mwembamba, wa Mombasa, buibui jeusi na viatu vya raba kwa ajili ya matope yetu. Siku ya kwanza alitusalimia, "Hamjambo wanangu?" tukaanguka kicheko. Sisi watu wa "sasa" na "niaje" tulikuwa tunasikia Kiswahili cha namna ile kwenye redio tu. "Na nyinyi mnachekani?" akasema. "Mimi nimekusalimuni, nanyi hamtaki kunijibu? Haya, tucheke sote, halafu mnijibu." Akacheka kwelikweli. Tukamjibu.

Huyu mama alikuwa na mtindo wake. Kabla kengele haijalia aligawa vikaratasi, amevikata mwenyewe robo robo, akaandika maswali mawili ubaoni. Tulijibu, akakusanya, akaenda zake. Kesho yake aliturudishia vikaratasi vyetu na, wallahi, havikuwa na maksi. Hakukuwa na mkwaju wala namba. Kulikuwa na sentensi moja ya penseli. "Umeanza vizuri, tazama tena mstari wa pili." Au: "Hapa nadhani nilieleza vibaya, njoo uniambie umeelewaje." Darasa lilichanganyikiwa. Namba moja wetu aligeuza kikaratasi chake juu chini akitafuta amepata ngapi, na aliposema "Mwalimu, sasa mimi ni wa ngapi?" Mwalimu Mwanaisha alimjibu kwa upole, "Wa leo. Kesho utakuwa wa kesho."

Mimi nilimwonea huruma. Nilijua kabisa tatizo ni nini: maskini, hana kalamu nyekundu. Mwalimu gani anasahihisha kwa penseli kama siyo shida? Mama yangu alikuwa karani katika ofisi moja mjini na kalamu hazikukosekana kwenye mkoba wake. Nikaomba moja, nikaifunga kwenye karatasi ya maandazi, nikampelekea wakati wa mapumziko, alipokuwa amekaa mlangoni pa darasa. Akaifungua. Akaniangalia. Kisha akacheka mpaka ikabidi arekebishe mtandio. "Mwanangu, Mungu akuweke. Kalamu nyekundu ninazo, nimepewa boksi zima. Lakini wekundu utakufunza nini wewe?" Akanivutia kiti. "Hebu keti. Umeniletea zawadi, nami nataka kukuuliza kitu. Hapa umejumlisha nusu na theluthi, ukapata mbili juu ya tano. Nieleze ulifikaje."

Nilidhani ni mtego. Nilikuwa sijawahi kuulizwa nilifikaje kwenye kosa. Nilikuwa nimezoea kuulizwa "kwa nini wewe ni mjinga?", na swali hilo halijibiki. Nikamwambia huku nimeinamisha kichwa: moja na moja za juu ni mbili, mbili na tatu za chini ni tano.

"Ahaa," akasema. "Kumbe una njia! Sikujua. Sasa sikiliza. Umekula nusu ya chapati, sawa? Nami nikakuongeza theluthi nzima. Wewe waniambia sasa una mbili juu ya tano. Hiyo ni zaidi ya nusu au ni pungufu?"

Nikachora chapati kwenye mchanga wa mlangoni kwa kidole. Nikaikata vipande vitano. Nikatazama. "Pungufu," nikasema.

"Nimekuongeza chakula kikapungua! Nani amekuibia chapati yako, Njoki?"

Nikacheka, na katikati ya kicheko nikashtuka, kwa sababu niliona. Sijui nieleze vipi. Niliona kwamba vipande vya chini ni ukubwa wa mkato, na huwezi kuhesabu pamoja vipande vilivyokatwa tofauti mpaka uvikate sawa. Jambo la darasa la nne! Akaniuliza darasa la nne nilikuwa wapi, nikamwambia nilikuwa nyumbani na matubwitubwi, mashavu yamevimba, mwezi mzima na zaidi. "Na uliporudi nani alikuonyesha ulichokosa?" Hakuna. "Wakakupa mtihani." Ndiyo. "Ukakosa." Ndiyo. "Wakakuchapa." Ndiyo, Mwalimu. Aligeuka akatazama uwanjani, na nilipoona taya lake linavyocheza nilidhani amenikasirikia mimi.

Hapo ndipo damu inaponipanda mpaka leo. Mtihani ulijua! Kila muhula, kwa miaka mitatu, karatasi yenyewe ilikuwa inapiga kelele kwamba huyu mtoto hajui sehemu, swali la sehemu amekosa, la asilimia amekosa, la uwiano amekosa, na yote chanzo chake ni kimoja. Ilihitaji mtu mmoja aitazame karatasi kwa dakika mbili. Walimu wazima, wenye mishahara na mashati ya kunyooshwa, walishika zile karatasi mikononi na kitu pekee walichokiona ni mahali pa kunikalisha.

Vikaratasi vikaendelea. Alitupanga upya, ila si kwa namba. Leo wewe na wewe na wewe, mmekwama mahali pamoja, njooni huku mbele, kesho wengine. Hata namba moja wetu alikuja kukaa mbele pamoja nami siku ya pembetatu, maana kumbe na yeye kuna asichokijua, na hakuna aliyekuwa amegundua kwa sababu maksi zake zilitosha. Nilianza kuipenda siku ya hisabati. Nilikuwa napita kwenye shamba la jirani nikienda shule nikigawanya matuta ya viazi, robo hii, theluthi ile, na mama akasema, "Huyu mtoto ameingiwa na nini?"

Aliyetuharibia ni baba yake namba moja. Alikuwa na nyumba za kupangisha, na mtu akiwa na nyumba za kupangisha kwetu hata kanisani anasogezewa kiti. Akaja kulalamika kwamba binti yake haleti maksi nyumbani. Siku iliyofuata Mwalimu Mkuu aliingia darasani katikati ya somo, akaokota kikaratasi kwenye dawati, akakigeuza.

"Madam, hii ni nini?"

"Ni zoezi, Mwalimu."

"Maksi iko wapi?"

"Maksi zitakuja kwenye mtihani wa mwisho, Mwalimu. Hivi navitazama ili nijue nilipokosea mimi kufundisha, nirudie kabla hawajaufikia."

"Wewe ukikosea?" Akatugeukia, akatabasamu, akitualika tucheke naye. Wengine walicheka. "Watoto wasikie mwalimu anakosea? Hapa tunatafuta wastani, Madam. Wilaya nzima inatuangalia. Kuanzia wiki hii, mtihani kila Ijumaa, maksi, namba, na kila mtu akae mahali pake."

Mwalimu Mwanaisha alikuwa mwanafunzi wa chuo. Ripoti yake ingeandikwa na mtu huyohuyo. Akasema, "Sawa, Mwalimu," na Ijumaa tukahama. Lakini saa ya chakula cha mchana alikuwa anakaa nyuma ya tangi la maji, na yeyote aliyekwama alikwenda. Mimi nilikwenda kila siku mpaka muhula ulipoisha na yeye akarudi chuoni. Aliniaga kwa kunishika mkono kama mtu mzima. "Ukikwama jiulize, nimefikaje hapa? Usijiite mjinga, Njoki. Mjinga hana njia, wewe unayo."

Sasa, mtihani wa mwisho wa darasa la saba ndio uliokuwa unaamua nani anavuka kwenda la nane na nani anabaki. Mnajua ilivyokuwa: shule ilitangazwa kwa wastani wa mtihani wa taifa wa darasa la nane, kwa hiyo wenye kuushusha wastani walizuiwa mapema wasije wakaufanya. Walirudishwa, au wazazi waliambiwa kwa upole watafute shule nyingine. Mimi sikuwa na wasiwasi. Nilitaka kuvuka na wenzangu kuliko nilivyotaka kitu chochote duniani, na niliamini nitavuka, kwa sababu hisabati nilikuwa naijua sasa. Nilitoka kwenye mtihani ule nikitembea kifua mbele. Na maksi zangu za hisabati zilipanda mara mbili na zaidi, Mungu ni shahidi.

Jumla haikutosha. Sayansi na jiografia zilikuwa zimebaki palepale, maana huko hakuna aliyeniuliza nilifikaje. Mstari ulichorwa, na mimi nikawa chini yake.

Mama aliomba ruhusa kazini akaja na sketi yake ya ofisini. Mama yangu hakuwa mtu wa kubishana na walimu. Kwake mwalimu na padri walikuwa kapu moja. Alikaa kwenye ncha ya kiti, mkoba magotini, akasema, "Mwalimu, samahani, huyu mtoto hisabati amepanda sana. Hebu angalia alikuwa wapi na sasa ako wapi. Akiendelea hivi..."

"Mama Njoki," Mwalimu Mkuu akamkatiza, wala hakuitazama karatasi, "mtihani wa taifa hauulizi mtoto ametoka wapi. Unauliza amefika wapi. Wacha arudie, akomae. Mwakani utanishukuru."

Nilikuwa nimesimama mlangoni. Nilikuwa nimejiandaa, maskini, nikiulizwa nimwonyeshe jinsi ya kujumlisha sehemu, hata ubaoni, hata mbele ya walimu wote. Hakuniuliza.

Likizo ile sikutoka kucheza. Nilizitoa karatasi za maswali za mtihani ule, zote, nikazirudia swali kwa swali, na jioni mama akitoka kazini alikaa nami mezani. Nilikuwa najiuliza kwa sauti, "Nimefikaje hapa?" na mama, ambaye sayansi aliisahau zamani, alikuwa anasema, "Sijui, tafuta kwenye kitabu," tukatafuta. Mpaka mwezi wa kwanza unaingia hakukuwa na swali hata moja kwenye zile karatasi nisiloweza kulieleza. Kisha shule ikafunguliwa. Wenzangu wakaingia mlango wa darasa la nane, wakiwa wamevaa sweta mpya, na mimi nikaingia ule wa saba na watoto waliokuwa wakiniita dada. Mwaka mzima nikasikiliza masomo niliyokwisha kuyasikia. Kila Ijumaa mtihani, kila Ijumaa namba. Sikukwama popote, na aliyekwama karibu nami alichapwa akaachwa alivyo.

Mwisho wa mwaka tukafanya mtihani wa kuvuka. Nilipofungua karatasi ya kwanza nilidhani macho yananidanganya. Swali la kwanza nalijua. La pili nalijua. Nikafunua ukurasa. Ulikuwa mtihani uleule. Hawakuwa wamenunua mpya. Waliuchapisha tena ule wa mwaka jana, na hata picha ya ua ilikuwa imekosa jani upande uleule. Nikaangalia huku na huku. Hakuna mwingine aliyejua, maana wenzangu waliozuiwa walikuwa wamehamia shule nyingine, na hawa mwaka jana hawakuwepo. Nikajibu. Ningefanyaje?

Siku ya kufunga, wazazi wote wako kwenye viti uwanjani, Mwalimu Mkuu akaniita mbele. Namba moja! Akanishika bega. "Huyu mtoto mwaka jana alikuwa wa mwisho," akatangaza, na akaniinua mkono kama mshindi wa ngumi. "Wazazi, mnaona? Mnalia tukiwarudisha watoto. Angalieni matunda ya kurudia! Chanda chema huvikwa pete! Njoki, ebu waambie wenzako. Siri ni nini?"

Nilimwona mama safu ya tatu, sketi ileile ya ofisini. Sikupanga kusema. Ilitoka yenyewe.

"Mwalimu, ni mtihani uleule wa mwaka jana."

Nilisubiri mbingu ianguke. Mzazi mmoja alikohoa. Mwalimu wa sayansi alitazama viatu vyake. Mwalimu Mkuu hakuondoa hata mkono wake begani kwangu.

"Na majibu uliyakumbuka?"

"Ndiyo, Mwalimu."

"Si hiyo ndiyo kusoma?" akawageukia wazazi, meno yote nje. "Mpigieni makofi!"

Wakampigia. Wakanipigia. Uwanja mzima, jamani, watu wazima na akili zao.

Tulirudi nyumbani kwa miguu, mimi na mama, nimekumbatia zawadi yangu, beseni la plastiki. Mama alinitangulia mpaka tukafika kwenye mteremko wa kwetu. Hapo akasimama.

"Njoki. Toka mwezi wa kwanza mpaka leo, hapo shuleni, umejua nini hukuwa unajua?"

Nilitafuta. Nilitafuta kwa bidii, kwa sababu nilitaka kumpa jibu la kumfurahisha. Hisabati nilifunzwa na Mwalimu Mwanaisha. Nyingine nilizipata mezani kwetu, na yeye mwenyewe alikuwepo.

"Hakuna, Mama."

Mama yangu, ambaye sijawahi kumsikia akimsema mwalimu vibaya, si kabla ya siku ile wala baadaye, alitazama tulikotoka.

"Wametuibia mwaka," akasema. "Na mimi nimewapigia makofi."